Yosefu Kichwa Chini

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Padri Gannon ana mkono mzito. Wenzangu wamepakwa msalaba mdogo wa majivu, mimi nimepakwa kama mtu aliyetolewa kwenye jengo linaloungua. Nimetembea hivyo hadi duka la dawa, na msichana wa kaunta akaniuliza kwa huruma kama nataka kitambaa. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Nimekula mlo mmoja, viazi na siagi, na tumbo linanguruma.

Jana haya yote ningeyasema kwa sauti. Leo nayaandika, kwa sababu Kwaresima hii nimeacha kunung'unika.

Kila mwaka mke wangu Stefania alikuwa ananiomba. "Kazik," alikuwa akisema, "acha kunung'unika Kwaresima moja tu, nipumzike." Na kila mwaka niliacha bia, kwa kuwa bia ni rahisi. Oktoba alifariki. Hii ni Kwaresima yangu ya kwanza peke yangu ndani ya nyumba, basi nimempa alichokuwa anataka, ingawa kimemfikia akiwa hana tena shida nacho.

Baada ya Misa nilimuuliza Padri kama kuandika nako ni kunung'unika. Padri wetu ni kijana anayevaa kanzu nyeusi mpaka kwenye visigino, na anakipenda Kilatini kuliko sisi tuliobatizwa nacho. Alifikiri sana, akasema karatasi si jirani, haiumii. Nikamuuliza habari ya Jumapili. Akasema Jumapili na sherehe kubwa za Kanisa si siku za kujinyima. Nimerudi nyumbani na daftari hili, na moyo umetulia kidogo.

Ijumaa, 20 Februari

Samaki wa Ijumaa katika ukumbi chini ya kanisa. Foleni ilifika nje kwenye barafu. Samaki ameloa mafuta, na kabeji ina siki ya kuoshea madirisha. Anayepakua kabeji ni Genia Wrobel, jirani yangu, tunatenganishwa na uzio tu. Alisubiri nianze. Nikasema, "Asante, Genia, inaonekana nzuri." Akaweka mwiko chini, akanishika paji la uso.

Jumapili, 22 Februari

Siku yangu ya uhuru. Genia alikuja na keki baada ya Misa. Nilianza na mahubiri, nikapita kwa wazoa theluji wa jiji, nikamalizia na magoti yangu. Genia anajua kusikiliza. Anaguna panapostahili, halafu anatoa ya kwake. Ya kwake ni dada yake wa Arizona, anayemtumia picha za machungwa yakiwa mtini katikati ya Februari.

"Ananitesa," alisema Genia, "na anajua ananitesa."

Tulikaa mpaka saa ya supu. Nimelala vizuri.

Jumanne, 24 Februari

Amekuja Renata, binti yangu wa pekee. Anakaa nje ya mji katika nyumba isiyo na ngazi hata moja, na amesema zangu zimezidi. Nimezipanda tangu yeye hajazaliwa. Nilitabasamu tu. Akaniangalia, kisha akaniuliza leo ni siku gani na rais wa nchi ni nani. Nikamjibu yote mawili, na juu ya rais sikuongeza neno. Akazidi kuniangalia.

Alhamisi, 26 Februari

Theluji. Sikusema kitu.

Ijumaa, 27 Februari

Theluji. Safari hii samaki mkavu. Sikusema kitu.

Jumatatu, 2 Machi

Renata amekuja na dalali wa nyumba, Bi. Kessler, mwanamke aliyevaa visigino virefu katika barafu hii. Renata alinieleza pale pale mlangoni. Anataka niuze nyumba nihamie kwake. Chumba kiko tayari, ukuta umeshapakwa rangi.

"Unaonaje, Baba?" aliniuliza.

Nilikuwa na maoni, yalinijaa mpaka kooni. Nikayapekua moja moja nikitafuta lisilo nung'uniko, sikuliona. Na Stefania alikuwa ananitazama kutoka kwenye picha juu ya friji.

Nikasema, "Ukiona inafaa, mwanangu."

Bi. Kessler akaingia katika jiko la Stefania, akagonga makabati kwa kucha, akasema haya ni ya kizamani na mnunuzi yeyote atayang'oa siku ya kwanza. Nikampa chai. Nikampa na biskuti. Renata alitoka nje kidogo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Dhamiri inamsuta. Acha imsute.

Nimeandika ukurasa mzima kuhusu visigino vya Bi. Kessler, kisha nikauchana, kwa sababu hata karatasi ina mwisho wake.

Ijumaa, 6 Machi

Baada ya Njia ya Msalaba Genia alinivuta pembeni na habari. Mama anayeuza rozari mlangoni pa kanisa amemuuzia Renata Mtakatifu Yosefu mdogo wa plastiki.

Parokiani kwetu hiyo haihitaji maelezo. Mtu akitaka nyumba iuzike upesi, anamfukia Mtakatifu Yosefu uani, kichwa chini miguu juu, uso wake ukiielekea nyumba inayouzwa. Mtakatifu, kwa kutaka kutoka katika hali ile, anahangaika kuleta mnunuzi. Nyumba ikishauzwa anafukuliwa, anaoshwa, anawekwa mahali pa heshima. Padri Gannon alihubiri kwa ukali kwamba huo ni ushirikina, na wiki ile ile akina Yosefu wote wakaisha mezani.

"Sasa utamwambia nini binti yako?" Genia aliniuliza.

Nikamjibu kwamba leo ni Ijumaa, na niko kwenye mfungo. Akaniita mpumbavu kwa Kipolandi, lugha anayoihifadhi kwa ajili ya sala na kwa ajili yangu.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeona kila kitu kutoka dirisha la ngazini. Renata alidhani nimelala. Alijaribu kuchimba karibu na uzio, lakini ardhi ni jiwe na sepetu iliruka na kumgonga. Akahangaika, akaangalia huku na huku, mwisho akamfukia Yosefu kwenye lundo la theluji. Alimgeuza geuza maana hakuwa na uhakika nyumba iko upande gani wa uso wake. Akafanya ishara ya msalaba, akaondoka akichechemea.

Nimekaa ngazini nikimwonea Yosefu huruma. Katika Injili nzima hatamki hata neno. Anaambiwa amchukue mke, anamchukua. Anaambiwa akimbilie Misri, anakimbia. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje.

Jumapili, 8 Machi

Ruhusa ninayo. Nilimpigia Renata simu mara tu baada ya Misa. Alikuwa kwenye uwanja wa barafu na wanawe, hoki, kelele tupu.

"Baba, sikusikii, nitakupigia kesho," alisema.

Kesho ni Jumatatu.

Jumatatu, 9 Machi

Alipiga kama alivyoahidi. Akauliza jana nilitaka nini. Nikasema nilitaka kumsalimu.

Jumamosi, 14 Machi

Jua, na mvua ya juzi, na paa linadondosha maji mchana kutwa. Theluji inapungua. Asubuhi nimeona nyayo za Mtakatifu Yosefu zimechomoza kwenye lundo, mbili, ndogo, zikielekea mbinguni.

Hilo limenisumbua. Kumwacha hivyo ni kumvunjia heshima mlinzi wa familia. Kumchomoa je? Si kunung'unika kwa mikono? Mchana nilikwenda kuungama, nikamuuliza Padri kama mtu aliyeacha kunung'unika anaruhusiwa kumfukua mtakatifu aliyefukiwa na mtu mwingine. Akanieleza kwa kirefu heshima ya sanamu takatifu na makosa ya ushirikina, akaniuliza nyumba inayouzwa ni ya nani. Sikumjibu. Kumwambia kungekuwa kunung'unika. Akanipa kitubio cha Salamu Maria, nikaenda zangu.

Yosefu nimemwacha. Nimeogopa kukosea.

Jumapili, 15 Machi

Hoki.

Alhamisi, 19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Sherehe kubwa, na Kwaresima leo inanyamaza. Nilijiandaa tangu asubuhi nikinyoa ndevu mbele ya kioo. Hotuba ilikuwa fupi: nyumba hii siiuzi, nitatoka humu nikibebwa. Nikaifanyia mazoezi mpaka nikajikata kidevu.

Renata alikuja jioni, lakini hakuja peke yake. Alikuja na mume na mke vijana, akina Ortega. Mke ni mjamzito, amebeba tumbo kwa mikono miwili. Wamezunguka vyumba vyote. Jikoni yule mke alipitisha kiganja juu ya makabati ya Stefania, akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi yake alikuwa nayo kama haya, na kwamba yeye asingeyagusa. Basi hotuba yangu ikanywea. Mbele ya wageni, tena mbele ya tumbo, utasemaje?

Walipoondoka nikafungua kinywa. Simu ya Renata ikalia. Akina Ortega wanaitaka nyumba. Renata akaweka simu chini, akanikumbatia kwa nguvu, uso wake umezama begani kwangu.

"Asante, Baba," alisema, "kwa kuwa mpole hivi."

Hajanikumbatia namna ile tangu alipokuwa msichana. Nikafunga kinywa.

Jumapili, 22 Machi

Padri Gannon amefunika sanamu zote kanisani kwa vitambaa vya zambarau, kama ilivyokuwa nilipokuwa mtoto, mpaka Pasaka. Genia anasema yeye huona kama watakatifu wamekwenda kwa kinyozi.

Leo nilikuwa na ruhusa ya kusema, simu iko mkononi, na sikupiga. Tangu Alhamisi nasikia mikono ya Renata shingoni. Ikiwa bei ya kukumbatiwa ni nyumba, sijui, labda watu wametoa zaidi.

Theluji imebaki kidogo tu. Yosefu anaonekana mpaka magotini. Nilitafuta kabatini nikapata skafu ya zambarau ya Stefania, nikatoka nayo, nikamfunika kama wenzake wa kanisani. Genia alinitazama juu ya uzio, akaingia ndani akitikisa kichwa.

Jumatano, 25 Machi

Lazima niandike hii vizuri.

Renata alikuja na mkataba nitie sahihi. Alipitia uani. Nilimsikia amesimama nje muda mrefu, kisha akaingia na Yosefu mkono mmoja, skafu mkono mwingine, maji yakidondoka sakafuni.

"Baba, hii ni skafu ya Mama."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Tangu siku ile. Sepetu ilikugonga mguu. Na hata hukumwelekeza vizuri, uso ulikuwa kwa Genia."

"Na hukusema kitu?"

"Ni Kwaresima," nikamwambia. "Nimeacha kunung'unika. Mama yako aliomba."

Akakaa chini na koti lake. Mwanzoni nilidhani anacheka. Ilichukua muda maneno kumtoka. Maisha yake yote amenijua kwa manung'uniko, alisema, ndiyo yaliyokuwa yakimwambia kwamba niko sawa. Halafu Februari amekuja, amenikuta natabasamu. Amesema ngazi zimezidi, nimetabasamu. Akaogopa akili imeanza kuniondoka. Akampigia daktari, na daktari akasema mzee akibadilika tabia ghafla ni jambo la kuangaliwa. Basi kila usiku akawa ananiona katika mawazo nimelala chini ya ngazi hizi, nimevunjika, na ninatabasamu.

"Nikakuuliza habari ya rais, Baba," alisema. "Rais. Ukanijibu kwa adabu."

"Kumbe ulikuwa unanipima."

"Nikamleta Bi. Kessler alitukane jiko la Mama, nikajua hapo utapasuka tu. Ukampa biskuti. Nilitoka nje nikalia."

Nikatazama kalenda ya parokia ukutani. Ishirini na tano Machi, Malaika Gabrieli anampasha habari Bikira Maria. Sherehe kubwa, tena katikati ya juma. Nikamwambia Renata avue koti, maana tutakaa.

Nilianza na visigino vya Bi. Kessler. Nikaja kwenye makabati. Nikaja kwenye chumba kilichopakwa rangi bila kuniuliza napenda rangi gani, na kwenye hoki, mchezo wa kupigana unaochezwa siku ya Bwana. Nikasema siiuzi nyumba na mkataba ule nitawashia jiko. Renata alikuwa analia na kucheka na kuitikia. Sikuwa na mpango wa kwenda zaidi ya hapo. Lakini mdomo ukishafunguliwa baada ya kufungwa hauna breki. Nikajisikia nalalamika kwamba mama yake ameondoka Oktoba na mimi sikuulizwa. Kwamba kitanda ni kikubwa. Kwamba naamka nikiwa na neno la kumwambia na hakuna wa kunijibu ninyamaze. Sikulisema hilo makaburini, sikulisema hata kitubioni.

Renata akanishika mkono juu ya meza.

"Endelea, Baba," alisema.

Nikaendelea mpaka giza likaingia. Kisha tukapatana. Nyumba inabaki. Kitanda kinashuka chini kwenye chumba cha kushonea, ngazi nitazipanda kwa kupenda tu. Na kila jioni nampigia simu na nung'uniko moja. Nisipopiga, anakuja na gari la wagonjwa. Yosefu tumemwosha, sasa yuko juu ya friji kando ya Stefania, miguu chini.

Alhamisi, 26 Machi

Kuna tatizo. Kwaresima haijaisha na Renata anataka nung'uniko kila jioni. Nilimweleza Padri Gannon habari yote, mwanzo hadi mwisho. Akauliza kwa nini sikumwambia siku ile ya kuungama. Nikasema ingekuwa kunung'unika. Akafumba macho, nadhani alikuwa anasali. Halafu akasema, pole pole kama anayefundisha katekisimu, kwamba kumwambia binti yako ukweli hakujawahi kuwa kunung'unika, na kwamba upendo uko juu ya mfungo wowote. Akaniuliza leo nitamwambia nini.

Nikasema nitamwambia mahubiri ni marefu. Akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini ametoa ruhusa.

Jumamosi, 28 Machi

Genia amekuja bila keki. Renata alipowapigia akina Ortega kuwapa jibu la hapana, walikuja kuiangalia nyumba kwa mara ya mwisho, wamesimama tu barabarani na lile tumbo. Genia alikuwa nje anafagia. Akawakaribisha chai. Nyumba yake ni pacha wa yangu, makabati ni yale yale. Walipomaliza chai alikuwa ameiuza. Anahamia Arizona kwa dada yake.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Yule Yosefu wenu alikuwa ananikodolea macho jikoni kwangu siku zote hizo. Ulitaka nifanye nini?"

Padri atasema ni ushirikina, nami nasadiki asemavyo Padri. Lakini mtakatifu aliombwa auze nyumba iliyo mbele ya macho yake, naye ni mtu wa kutii.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi

Siku ya uhuru. Genia alikuja na keki. Hatukunung'unika sana.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Nimebusu Msalaba. Nimenyamaza, na leo haikuwa kazi.

Jumamosi Kuu, 4 Aprili

Tumepeleka vikapu vya Pasaka kubarikiwa. Mayai, soseji, mkate, chumvi, na kondoo mdogo aliyefinyangwa kwa siagi. Renata ametengeneza kondoo wake mwenyewe badala ya kununua. Kichwa kilianguka kwenye gari akakibandika tena kwa kijiti, na sasa kondoo anatazama nyuma. Nilisema papo hapo, kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba mama yake asingekubali kondoo huyo apite mlangoni. Renata alicheka akaegemea bega langu. Padri Gannon alimnyunyizia maji ya baraka yule kondoo kama wenzake, akapita haraka.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Asubuhi Renata na watoto wamekuja kunimwagia maji kitandani, kama mila yetu ya Kipolandi inavyotaka. Maji ya baridi. Sasa ni halali kunung'unika mpaka Pentekoste na zaidi, nikawapa yote waliyostahili.

Mchana gari la mizigo lilikuja kwa Genia. Alinipa mwiko wake wa kabeji juu ya uzio, akasema Arizona hakuna anayekula kabeji. Nikamwambia hata huku hakuna aliyeila kwa hiari. Akaniita mpumbavu, kwa Kipolandi. Gari likaondoka.

Jioni nilikaa na simu nikitafuta nung'uniko. Kitanda kimekaa vizuri. Soseji ilikuwa nzuri. Hata paa limeacha kudondosha. Nikapiga.

"Haya, Baba," alisema Renata. "La leo?"

"Genia ameondoka."

"Hilo ni la kweli, Baba."

"Nina jingine," nikamwambia. "Yule mtoto wa akina Ortega anazaliwa Juni. Dirisha la chumba cha kushonea liko upande wao. Atakuwa analia usiku kucha, na mimi niko pale pale."

"Utanung'unika sana, Baba."

"Natumaini," nikasema.